Sauti ya Adwoa Ndani ya Diski

"Dada Afrakoma, inakuwaje kompyuta iione diski yake asubuhi, halafu mchana iikane?" Badu, fundi cherehani jirani yake, aliwahi kumuuliza. "Au imeoa mke wa pili?"

Afrakoma, fundi kompyuta hapo Kumasi, hakucheka. Ndani ya diski hiyo ndimo ilimobaki sauti pekee ya marehemu binti yake, Adwoa. Alikwisha kubadilisha waya na tundu la kuchomekea, wapi! Mwishowe akagundua kwamba diski husomeka ikiwa baridi tu. Ikipata joto, inapotea.

Asubuhi moja akaiwasha, ikaonekana. Akamshukuru Mungu. Kabla hajaanza kunakili, wakwe zake wakabisha hodi. Mgeni hasubirishwi, basi akawapa maji, akaketi kusikiliza habari ya safari yao mpaka mwisho. Aliporudi, diski ilikuwa ikigonga tu kwa ndani. Haikuonekana tena, siku ile wala nyingine.

Badu alipokuja kumpa pole, Afrakoma alimwambia, "Kaka Badu, niulizie mtaani. Aliyewahi kumrekodi Adwoa wangu, hata akicheka tu, naomba aniletee."