Duara la Magige

Jina la Magige lilitolewa na kaka yake mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1978, vita na Uganda ilipoanza, mabalozi wa nyumba kumi pale Matongo walitakiwa kutoa vijana wa kwenda kufundishwa uaskari, na balozi wa upande wao alikuwa Heche, mtoto wa kwanza wa baba yao. Heche alikuwa na wanawe wawili waliokwishaota ndevu. Hakuwataja. Alimtaja Magige, aliyekuwa ameoa mwaka huo huo, na ambaye wiki chache kabla alikuwa amefikia mwamba wenye dhahabu.

Siku hizo watu walikuwa wakimiminika Matongo. Walitoka Musoma, Shirati, hata ng'ambo ya Sirari, wakajenga vibanda vya nyasi na kuchimba mashimo waliyoyaita maduara. Magige alichimba lake kwa sururu na ndoo. Aliyekuwa juu akivuta kamba ni mkewe, Wegesa. Heche hakuwahi kushika hata jembe pale.

"Mimi ni kiongozi," Heche alisema mbele ya watu. "Siwezi kuonekana nampendelea ndugu yangu."

Lori lilipokuja, Magige alimwambia Wegesa alinde duara, akapanda.

Walipelekwa kambini nje kidogo ya Natta, kwenye mahema yaliyozungushiwa uzio wa miiba. Mkufunzi wao alikuwa Sajini Machage, Mkurya mwenzake Magige, lakini wa ukoo uliowahi kupigana na ukoo wao kwa ajili ya ng'ombe. Katika mapigano hayo mdogo wake sajini alichomwa mshale akafa. Siku ya kwanza Machage alimuuliza kila kijana anatoka wapi na baba yake ni nani. Magige alipojibu, sajini akamwambia ahamie mstari wa mbele.

Tangu hapo hakupumua. Wenzake walipokimbia na bunduki za mti, yeye alikimbia na gogo. Wengine walipotambaa kwenye nyasi, yeye alitambazwa kwenye changarawe mpaka viwiko vikachubuka. Akichelewa kula, bakuli lake lilimwagwa. Vijana wakaanza kumkwepa, kwa sababu aliyesimama karibu naye aliadhibiwa pamoja naye. Orwa, Mjaluo wa Shirati waliyelala hema moja, alimwomba ahamishe mkeka wake. Alimwomba kwa adabu, lakini Magige alimchukia naye pia.

Vita yenyewe haikumtisha sana. Kilichomla ni nyumbani. Kijana mmoja aliyeletwa baadaye kutoka Matongo alimweleza kwamba wana wa Heche ndio sasa wanaoshuka kwenye duara lake. Magige akaenda kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani na kurudi. Sajini akamuuliza kama adui naye amepewa ruhusa ya kwenda kumwona mkewe, kisha akamrudishia gogo.

Haikupita muda Wegesa akaja mwenyewe. Alipanda lori la mahindi mpaka Mugumu, akalala kwa ndugu yake, na asubuhi akaendelea kwa miguu. Alifika wanafunzi wakiwa kwenye kwata, mvua ikiwa imetoka kunyesha, uwanja wote tope. Askari wa zamu akamzuia kwenye kizuizi. Magige akamwona, mguu ukakosea hatua.

"Afande, yule ni mke wangu."

"Hapa hakuna mke," Machage alisema. "Lala chini."

Akabingirishwa kwenye tope kutoka kwenye mlingoti wa bendera mpaka kwenye kizuizi, kikosi kizima kikitazama. Wegesa hakulia wala hakugeuza uso. Magige alipofika miguuni pake, sajini alisema sasa wanaweza kuongea, lakini mwanamume abaki pale pale chini.

Wegesa akachuchumaa mpaka nyuso zao zikakaribiana. Alimweleza bila kupaza sauti. Heche aliwaingiza kwanza wanawe kwenye duara, kisha akataka kuingia nyumbani. Alidai kwamba mke ni wa ukoo, kwamba Magige hatarudi, na kwamba kuanzia sasa atampikia yeye. Wegesa alimpiga kwa mwiko wa ugali mdomoni. Jumapili iliyofuata, Heche na wanawe walipokwenda kanisani, Wegesa alikwenda kwenye duara, akaita chini mpaka akahakikisha hamna mtu. Halafu akachukua jembe, akabomoa tuta lililozuia maji ya mvua upande wa mlimani. Maji yakaingia yote, kuta zikaporomoka.

"Duara halipo tena," alisema.

Magige alisahau sajini, akasahau tope. "Nilikuambia ulilinde."

"Nimelilinda. Hakuna anayelichimba."

Magige aligeuza uso pembeni. Wegesa akainuka, akamkabidhi askari wa zamu viazi alivyokuwa amevileta, akamgeukia Machage na kusema naye kwa Kikurya: "Mdogo wako alipokufa, huyu alikuwa bado anachunga ndama."

Machage aliamuru kizuizi kifungwe. Kesho yake gogo lilikuwa pale pale.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata kikosi kilipelekwa mbele. Magige alipigana, akarudi sikio moja likiwa halisikii. Matongo hakwenda. Alimkuta Wegesa mjini Bomani, kwa shangazi yake Philomena alikokimbilia, akiuza uji. Kabla ya kumuuliza habari zake, alimuuliza kama duara linaweza kufukuliwa. Wegesa akasema mlima wote umelikalia, akamwekea uji.

Waliishi hapo hapo Bomani, wakapata watoto. Magige alibeba mizigo sokoni, baadaye akafungua duka dogo la misumari na bati. Na Heche hawakusemezana mpaka Heche alipokufa. Machage naye alipita siku moja dukani kwake, amevaa kiraia, amezeeka haraka. Alimwita mura, kama vijana wa rika moja wanavyoitana, akataka wakae wanywe chai, wamalize yaliyopita. Magige alimwambia ana kazi, akainama akaendelea kuhesabu misumari mpaka mzee yule alipoondoka.

Ugomvi wa duara tu ndio haukuisha nyumbani kwao. Kila ikisikika kwamba fulani amepata dhahabu Matongo, Magige alianza kulaumu. Wegesa alimwachia aseme mpaka achoke.

"Ungerudi ukamkuta kaka yako tajiri kwa jasho lako," alimwambia, "ungemuua. Leo ungekuwa wapi?"

Magige alijua ni kweli, na hilo ndilo lililozidi kumuudhi.