Mpira Mmoja kwa Mapasa Wawili

Nikipita siku hizi kwenye soko letu la Kampemba, kuna mama anayeuza mboga ambaye huinua sauti na kuniuliza, "Monsieur Psy, leo umevaa viatu?", na mimi hugeuza uso nikajifanya naangalia simu. Sasa kwa kuwa nyinyi ni rafiki zangu, na hadithi hii mmekwisha kuisikia imetiwa chumvi na kila mtu (wapo wanaosema nilivuliwa mpaka suruali, ni uongo, suruali ilibaki), acheni niisimulie mwenyewe, maana aibu ikiwa ni yangu, afadhali na mdomo uwe wangu.

Mnajua kazi yangu. Mimi ni mwanasaikolojia wa shule, ndiyo maana ya hiyo "Psy", ninakaa na watoto ambao masomo hayawaingii kwa njia ya kawaida, ninawatafutia njia nyingine. Wazazi wengi wananiona kama daktari asiye na sindano. Ofisi yangu ilikuwa stoo ya mafagio, na harufu yake bado ipo.

Miongoni mwa watoto wangu alikuwepo Mbuyi. Mbuyi na Kabanga ni mapasa (ndivyo tunavyowaita mapacha hapa Lubumbashi), na kwa majina hayo ya mapasa tu mnajua ni watoto wa Kasai kama mimi. Kabanga anasoma kama mtangazaji wa redio. Mbuyi, akili anayo tele, atakusimulia mechi nzima ya mpira na kila pasi, lakini mbele ya maandishi anatoka jasho. Tena ukimuuliza yeye swali, anajibu Kabanga. Kwa hiyo niliwatenganisha: Mbuyi peke yake kwangu, Kabanga darasani, na pole pole, kati ya mafagio, Mbuyi akaanza kusoma.

Shida ilikuwa mkurugenzi. Si mtu mbaya, ni mtu aliyechoka. Alitaka Mbuyi ahamishiwe shule maalumu upande mwingine wa mji, bila Kabanga, na mama yao alikuwa amekuja kulia ofisini kwangu mpaka nikakosa pa kuangalia. Nilibishana na mkurugenzi, akanipa sharti moja: "Monsieur Psy, asome mbele ya ba papa na ba mama, siku ya réunion. Akisoma, anabakia. Asiposoma, anaenda." Kumsomesha mtoto kama huyo mbele ya umati ni wazo baya, nilimwambia hivyo, lakini yeye ndiye mkubwa.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilimwahidi Mbuyi zawadi: ukisoma, utapata mpira. Mpira mmoja. Sasa msiniambie kwamba sikujua desturi, kwa sababu shangazi yangu mwenyewe ni mama wa mapasa na nimekua nikisikia kwamba ukimpa mmoja kitu, mpe na mwenzake kilekile, saa ileile, la sivyo yule uliyemnyima ataugua. Nilijua. Nikajiambia: nani aliwahi kulihakikisha jambo hilo? Zawadi ina maana ikienda kwa aliyeifanyia kazi, ndivyo tulivyofundishwa chuoni (na chuoni, kwa bahati mbaya, mimi nilisikiliza).

Ikafika Jumamosi ya mkutano wa wazazi. Ua umejaa, akina mama wengi wamevaa vitenge vya kanisani, mlangoni vitumbua vinauzwa, na mimi nimevaa viatu vipya vyeusi ili nifanane na mtu mwenye diploma. Mpira mwekundu niliuweka juu ya meza, wazi, uonekane. Mbuyi akaitwa. Akaja, akaushika ule ukurasa, akautazama mpira, kisha akachungulia chini ya meza.

"Monsieur, ya Kabanga iko wapi?"

"Kabanga hasome leo. Soma weye kwanza."

"Lakini ya Kabanga iko wapi?"

"Mbuyi, soma. Mpira ni yako peke yako."

Mtoto akafunga mdomo. Hakulia, hakukasirika, alifunga tu, kama mtu anayefunga duka. Mkurugenzi akaangalia saa yake, akasema, "Bon, tumeona," na mama yake Mbuyi pale mbele akashika kichwa kwa mikono miwili, nami nikaona miezi yote ya kazi inatoka mlangoni. Nikashikwa na hofu. Nikauchukua mpira na kumtia Mbuyi mikononi, mbele ya watu wote, nikidhani atatulia.

Mama yake akasimama.

"Wee, Monsieur Psy! Unamupa Mbuyi, Kabanga unamunyima? Unataka kuniulia mutoto?"

Na Kabanga, ambaye alikuwa amekaa safu ya kwanza, kando ya mkurugenzi, akachagua dakika ileile kutapika. Juu ya viatu vya mkurugenzi.

Ua mzima ukapiga kelele. Mtu mwenye busara angenyamaza, lakini mimi niliinua mkono nikatangaza, kwa sauti ya mhadhara, "Ba mama, mutulie, ile ni bitumbua tu, amekula mingi!" Na kutoka nyuma sauti ikanijibu, "Ndo bitumbua yenyewe ilikuwa inangojea weye utoe mpira?" Watu wakacheka, na hapo nikajua nimekwisha.

"Weye ni mutoto wa Kasai," mama wa mapasa akaniambia, kidole kiko puani kwangu. "Mama yako alikuzala wapi, ku bureau? Ile mpira weka pembeni, imeharibika. Toa kintu ya kila mumoja, ya kufanana, sasa hivi!"

Nikapekua mifuko. Simu moja, ufunguo mmoja, leso moja. Sijawahi kutambua jinsi maisha ya mwanamume asiyeoa yalivyojaa vitu vya peke yake. Kisha macho yangu yakashuka miguuni, na macho ya Kampemba nzima yakashuka pamoja nayo.

Nilivivua. Cha kushoto kwa Mbuyi, cha kulia kwa Kabanga, nikabaki na soksi, na kidole kimoja kimetoka nje kuangalia mkutano. Akina mama wakaanzisha wimbo wa mapasa, na mnajua nyimbo hizo hazina adabu, na desturi inaziruhusu. Waliimba kuhusu mwanamume wa vitabu vingi na kitanda baridi, na wote wakawa wananionyesha mimi. Pemba, ile chokaa nyeupe ya kuwapaka mapasa, haikuwepo, basi mmoja akaingia darasani akatoka na chaki, wakazisaga juu ya benchi. "Mais, ile ni craie ya shule!" akalia mkurugenzi, na jibu lake lilikuwa kupakwa usoni yeye mwenyewe. Tukacheza wote wawili, yeye na viatu vyake vilivyotapikiwa, mimi na soksi zangu.

Na wakati tunacheza, Mbuyi aliuokota ukurasa.

Alisimama bega kwa bega na ndugu yake, weupe wa chaki puani, kiatu changu kwapani, akaanza kusoma. Wimbo ukakatika. Nilipiga hatua nimwondoe Kabanga, maana najua tabia yake, lakini Kabanga alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa habari ya mbuzi aliyeingia kanisani. Penye neno gumu Mbuyi alikwama, akarudi nyuma, akakwama tena, kisha akalipita. Mstari mmoja aliuruka wote. Alipomaliza, mama yake alikuwa ameketi chini, kitenge kimefunika uso.

"Amesoma?" mkurugenzi akaniuliza.

Nikasema ukweli. "Ameruka mustari moja."

"Hata miye ninarukaka," akasema, akipangusa chaki kwenye nyusi. "Anabakia."

Jumatatu walikuja ofisini wote wawili, sikumfukuza yeyote. Nilimwuliza Mbuyi jambo lililonikosesha usingizi: ulikataa kusoma kwa sababu uliogopa Kabanga ataugua? Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyeletwa kusaidiwa.

"Hapana, Monsieur. Ni juu Kabanga naye anapendaka mpira."

Nilikuwa na hoja zangu za sayansi, na majibu tayari dhidi ya hoja za mila, ila hoja hiyo ya mtoto sikuwa nimeifikiria. Bado nahoji kila kitu, msidhani nimeokoka, na kuhusu vitumbua sijabadilisha msimamo. Ila nimeapa kwamba nikitaka kumpangia mtoto jambo lolote, wa kwanza kuhojiwa atakuwa yeye, tena faraghani, na katika mkutano wowote wa wazazi nitakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mikono mitupu.