Mafuta ya Cherehani kwenye Gitaa la Klabu

Nakiri mapema, kabla hamjasikia kwa mwingine akawaongezea chumvi: ni mimi niliyelipaka gitaa la klabu mafuta ya cherehani, na nililipaka mchana kweupe, akili zangu timamu, nimeketi mkekani kwetu Chumbageni huku najisifu moyoni kwamba leo nimewaweza wanaume. Aliyekuwepo ukumbini akiwaambia kwamba nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mwambieni amesema kweli. Ila mwambieni amalizie hadithi, maana wengi huishia pale penye kicheko.

Mimi ni fundi wa nguo. Baba na mama walitangulia mbele ya haki tukiwa bado wadogo, nami ndiye mkubwa, basi nikaacha shule darasa la nne nikaikalia cherehani ya mama (kanyagio lake lilifungwa kwa kamba ya katani, lakini ilishona) na wadogo zangu watatu wakala, wakavaa, wakakua. Anayenifuata ni Bakari. Majirani walisema mtoto wa kiume akilelewa na dada yake mkono unakuwa laini, haufai jembe wala nyavu. Waliyasema haya mlangoni kwangu, wakiwa wameleta nguo nishone. Bakari alipokua akaenda kushika gitaa, wakasema si tulikwambieni.

Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza klabu moja ya dansi kule Ngamiani ilileta gitaa la umeme kutoka Mombasa, jekundu, lina waya wake na sanduku lake la kutolea sauti, na katika vijana wote waliojaribu, Bakari ndiye aliyeliweza. Miezi michache likaanza kukoroma. Si kila wakati, na hapo ndipo lilipokuwa na visa, kwa sababu akipiga hivi linaimba, akipiga vile linatoa krrrr kama mzee aliyelala chali. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Mhina, akatoa hukumu yake: gitaa zima, mkono mbovu.

"Kijana habonyezi nyuzi," alisema mbele ya wenzake wote. "Ana mkono wa kike. Jumamosi likikoroma tena, gitaa linakwenda kwa Saidi."

Saidi ni mpwa wake mwenyekiti. Mimi nimesema tu.

Wiki nzima Bakari alikaa barazani akifanya mazoezi, anabonyeza mpaka ncha za vidole zikachubuka, na gitaa likikoroma anaacha, anaitazama mikono yake, anaanza upya. Nilimwona nikiwa kwenye cherehani. Kazi nisingeililia, angepata nyingine, ila kilichoniuma ni kumwona mtoto niliyemlea anaanza kusadiki kwamba mikono yake ni mibovu.

Jumamosi mchana akaenda kunyolewa, gitaa likabaki ukutani. Nikalitazama. Sasa kwa sisi mafundi wa nguo, chuma kikipiga kelele kina kiu, hilo halina mjadala, cherehani ikianza kulia unaitilia matone mawili matatu inanyamaza. Na gitaa lile shingo yake yote imelazwa vyuma vyembamba, na nyuzi zenyewe ni chuma. Nikasema, hawa wanaume miezi yote wanabishana mkono, mkono, na hakuna hata mmoja aliyefikiria mafuta! Nikachukua kichupa changu chenye mdomo mrefu nikatia kila chuma, nikatia kila uzi juu mpaka chini, nikatia na zile skrubu za kukazia, nikasugua kwa kitambaa likang'aa kama limetoka Mombasa jana. Bakari sikumwambia. Nilitaka ashangae.

Akashangaa.

Dansi lilikuwa la saa kumi alasiri. Wapigaji wote walivaa suti nyeupe nilizozishona mimi, ndiyo sababu nilikuwepo (msije mkasema Mwanaidi alikuwa anakwenda dansini), nimekaa pembeni na kina mama, nimevaa buibui langu, na kwenye kikapu nina sindano, mkasi na utepe wa kupimia, endapo suruali ya mtu itafumuka. Bakari alikuwa amechelewa kwa kinyozi, akalibeba gitaa mbio bila kulijaribu.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Kidole kilichotakiwa kusimama hapa kikateleza kikasimama kule, akakirudisha, kikapitiliza, na gitaa likatoa sauti ya paka aliyekanyagwa mkia. Mwimbaji akageuka kumtazama. Wachezaji wakapunguza mwendo, wakasimama.

"Bakari, gitaa limelewa?" mtu akapiga kelele.

"Si limelewa, linateleza hilo! Litieni mchanga miguuni!"

Bakari jasho linamtoka, anajifuta mikono kwenye koti, na lile koti jeupe nililolipiga pasi kwa saa nzima likawa na michirizi myeusi tumboni kama ameegemea gari moshi. Saidi alikuwa ameshavua koti lake chini ya jukwaa na anavunja vidole, ka, ka, ka, kama mtu anayekaribishwa chakula. Bwana Mhina akapanda na fimbo yake, akapitisha kidole kwenye nyuzi, akakitazama, akakinusa. Alinusa taratibu kweli, mtu asingedhani kidole kina harufu nyingi hivyo.

"Haya," akasema, "ni mafuta ya cherehani."

Ukumbi mzima ukageuza shingo kunitazama. Bi Mgeni, jirani yangu, alikuwa amekaa ubavuni kwangu, akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Mwanangu, usiiname, wote tunakujua."

Na Bakari, Mungu ambariki, akasema, "Ni mimi mwenyekiti. Nimeyatia mimi."

Hapo ndipo niliposimama. Aibu yangu ningeimeza nikiwa nimekaa, lakini siwezi kukaa mtoto niliyemlea akajitwika kosa langu mbele za watu. Nikavuka ule ukumbi mtupu na kikapu changu, viatu vinalia pwa, pwa, sijawahi kuona ukumbi mrefu namna ile. Nikapanda jukwaani.

"Shikamoo, mwenyekiti. Nimeyatia mimi, na nitayatoa."

Hata kuitikia hakuitikia. Nikachukua ncha ya buibui langu nikaanza kufuta uzi mmoja mmoja, Bakari ameinamisha kichwa, machozi yanamlengalenga, nami nikamsogelea nimtie moyo, kwa sauti ya chini kabisa, siri ya ndugu wawili: "Usilie. Huyu mwenyekiti wako anajua nini? Suruali yake nimeiongeza kiuno mara tatu, na kila akija ananiambia kitambaa kimerudi, kimepungua kwa kufuliwa."

Sasa pale niliposogea ndipo kilipokuwa kipaza sauti cha mwimbaji.

Maneno yalitoka kwenye lile sanduku makubwa kuliko nilivyoyasema. Kiuno mara tatu! Kilichofuata sikielezi, watu walishikana mabega, mpiga ngoma aliangusha kijiti, na Bi Mgeni alifuta machozi kwa shela lake. Kuna jambo moja fundi wa nguo halifanyi, hata akichukiwa vipi, nalo ni kutangaza vipimo vya mteja, na mimi nilikuwa nimevitangaza kwa umeme.

Bwana Mhina akageuka rangi. "Umemaliza kufuta?" akauliza. "Basi apige. Likikoroma, mkono ni wake na gitaa ni la Saidi, na nyie wawili mtatoka kwa mlango ule."

Bakari akapiga. Vidole havikuteleza tena. Likaimba, likaimba, kisha krrrr.

"Mnaona?" akasema mwenyekiti. "Mkono." Saidi akapanda.

Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu kuliko siku zote, na wiki nzima barazani masikio yangu yalikuwa yamelisikia jambo ambalo akili haikuwa imelifikia: krrrr ile haikuja pale alipobonyeza. Ilikuja pale alipoachia.

"Bakari," nikasema, "mkono wa kushoto, huo wa kubonyeza, utie mfukoni."

"Dada, nitapigaje?"

"Utie mfukoni, nimesema."

Akautia.

"Sasa uguse ule uzi mnene."

Akaugusa. Krrrrrr. Nzuri, ndefu, ukumbi mzima ukaisikia.

Nikamgeukia mwenyekiti, na wala sikukisogelea kile kipaza sauti, kilikuwa kimenisogelea chenyewe. "Mwenyekiti, mkono wa kike huo uko mfukoni. Sasa anayekoroma ni nani?"

Hakuna aliyecheka mara ile. Mtu mmoja akasema, "Haki ya Mungu," kisha watu wakaanza kupiga meza.

Nikaliinua gitaa nikalielekeza dirishani, kama ninavyotazama mshono. Kule juu, shingo inapoishia, pana kipande cha mfupa chenye vijinafasi ambamo nyuzi hupita. Chini ya nyuzi tano niliona mwanga unapenya mpaka kwenye chuma cha kwanza. Chini ya ule mnene palikuwa giza. Uzi ulikuwa umekila kile kijinafasi taratibu, miezi yote ile, mpaka umezama na kukilalia chuma. Ukibonyezwa mbele yake unaimba, ukiachwa unakoroma. Ni hayo tu. Ulihitaji kunyanyuliwa upana wa ukucha wa mtoto mchanga.

Nikaulizia kitu chembamba, kigumu. Mmoja akatoa karatasi ya sigara, mwingine ganda la kiberiti. Bakari alikuwa ameulegeza uzi, tukavijaribu, vikakatika. Nikafungua kikapu. Mnajua utepe wa kupimia una kibati cha shaba pale mwanzo? Utepe ule ulikuwa wa mama. Niliushika mkononi kidogo, sitasema ni muda gani, kisha nikachukua mkasi nikaikata inchi ya kwanza, nikakunja kile kibati nikakilaza chini ya uzi. Bakari akakaza.

"Mkono mfukoni," nikamwambia.

Uzi ukalia ngoooo, safi, kama mtu aliyeamka.

Alipiga dansi lote, koti lake chafu vile vile, na Saidi akalivaa la kwake. Mimi nilirudi kukaa na kina mama, na najua wengine hawakupenda mwanamke kupanda jukwaani, walisema na bado wanasema. Waseme. Mafuta nimekoma: sitatia tena tone kwenye kitu ambacho sijakaa chini nikakisikiliza kwanza. Lakini kupanda jukwaani sijakoma, na wala siombi radhi.

Radhi niliyoiomba ni moja tu, ya kiuno. Bwana Mhina alikaa miezi miwili hapiti kwangu, kisha akaja na suruali mkononi, hakusema salamu wala kisa. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwomba radhi, akakohoa. Nikazungusha utepe, akainama kutazama namba, akashtuka.

"Mwanaidi! Utepe wako huu una kosa."

Nikautazama. Sijanunua mwingine hata leo. Namba yake ya kwanza sasa ni mbili, na kila nikipima naondoa moja.

"Safari hii, mwenyekiti," nikamwambia, "umesema kweli. Una inchi moja ya kosa."

Akasubiri niendelee.

"Zile nyingine," nikasema, "ni zako."