Fulu Aliyenyimwa Ugali

Mama yangu aliuza samaki kwenye ufuo wa Dunga miaka yote niliyosoma, na nguo zake zote, hata ile ya kanisani, zilikuwa na harufu ya moshi na mafuta ya kukaangia. Alikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Samaki aliyekufa, mama alimjua kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Aliye hai hakuwahi kumfuga, mpaka asubuhi moja ya miaka ya tisini aliporudi nyumbani na kikombe cha bati kilichofunikwa kwa jani la mgomba, akakiweka mezani polepole kana kwamba anaweka yai.

Ndani alikuwemo fulu mmoja, samaki mdogo wa ziwani, urefu wa kidole changu cha kati. Mwili wake ulikuwa mweusi, mkia mwekundu kama kaa linalozimika, na kwenye pezi la chini alikuwa na madoa mawili ya manjano. Alikutwa hai kwenye maji yaliyotuama ndani ya mashua, chini ya lundo la omena, wale dagaa wa ziwani.

Mimi sikuwa nimewahi kumwona fulu. Mama alilelewa kwa samaki hao. Nyanya yangu, mama yake, aliwatunga kwenye vijiti, akawakausha, akawalisha watoto saba. Halafu mbuta, samaki wakubwa walao wenzao, wakajaa ziwani na fulu wakapungua hadi watu wakaacha kuwataja. Nyanya aliishi Katito, na kila alipozungumza juu ya fulu sauti yake ilishuka, kama mtu anayezungumza juu ya jirani aliyezikwa.

"Mama anakuja Jumapili ile ingine," mama alisema. "Nataka aone hii ikiogelea."

Baba alikuwa fundi wa madirisha. Alichukua vioo vinne vilivyobaki kazini, akavishikisha kwa fremu ya mbao na puti, ile gundi ya mafundi wa vioo, na chini akalaza ubao alioupaka rangi mara tatu. Mara ya kwanza pembe moja ilivuja, akairudia. Tulitandaza mchanga wa ziwani, tukajaza maji, na jioni hiyo sote tulikaa mbele ya kile kisanduku tukamtazama fulu akizunguka. Sijawahi tena kuiona familia yangu ikikaa kimya hivyo kwa furaha.

Habari zilienea mtaani. Watu walikuja kuona, na kwa kuwa kwetu mgeni na mwenyeji hula pamoja, kila aliyekuja alimmegea fulu kipande cha ugali. Shangazi yangu alimpa wa wimbi. Jirani wa mlango wa pili, mama mnene mwenye mzaha, alimtilia hata kipande cha sukuma wiki. "Akule mboga," alisema, "asikuwe kama mzee wangu." Hakuna aliyeona ubaya. Tulijivunia kwamba samaki wetu hakosi chakula.

Siku ya tano maji yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Baba, mtu msafi, aliyamwaga yote, akasugua vioo, akajaza maji ya mfereji yanayong'aa. Kesho yake fulu alikuwa juu kabisa, mdomo ukifunguka na kufungika, mapezi yamekunjwa, na kwenye shina la mkia ameota utando mweupe kama pamba. Jumapili ya nyanya ilikuwa imebakiza siku nane.

Mama aliporudi kutoka Dunga hakuvua hata leso ya kichwani. Kwanza alilowesha mkono wake. Nilimuuliza kwa nini.

"Mkono kavu inatoa ute yake," alisema. "Ute ndiyo nguo ya samaki."

Akamkinga fulu kwenye kiganja, ndani ya maji, na kwa ncha ya kidole gumba akafunua shavu lake kidogo tu, upana wa kucha. Alikuwa amefunua mashavu ya samaki maelfu hivyo, akitafuta waliolala, wale wa tangu jana. Akayatazama matamvua, yamepauka, akafunika.

"Hii ingekuwa sokoni," alisema, "ningesema ni ya juzi."

Kisha akainama, akanusa maji. "Baba, hii maji ina harufu ya hospitali."

"Ni dawa ya mfereji," baba alijibu. "Sisi tunakunywa."

"Wewe hupumui ndani yake."

Baba alicheka, lakini nilimwona akiinua karai na kulitoa nje kwenye jua, likiwa limejaa maji, ili harufu ile iondoke.

Asubuhi mimi na mama tulishuka Dunga na mtungi wa plastiki. Hakutaka maji ya ufuoni, pale watu wanapofua. Alimwomba mvuvi mmoja ayachote mbali, na yule mvuvi akamuuliza ziwa la hapa karibu limemkosea nini. "Nina mgonjwa nyumbani," mama alijibu, na mvuvi akampa pole, akaenda kuyachota.

Nyumbani alichanganya maji ya ziwa na yale yaliyolala nje. Halafu akaleta chumvi yake ya mawe, ile aliyotumia kwa samaki wa kukausha, ili iuondoe ule utando. Hapo ndipo nilipomwona mama akisita. Mkono wake ulijua chumvi ya kumhifadhi samaki aliyekufa. Ya aliye hai haukuijua. Akaweka punje chache kwenye bakuli, akakoroga, akaonja kwa ncha ya ulimi. Akaongeza maji, akaonja tena. Alionja mara nyingi, macho ameyafumba, mpaka chumvi ikawa kitu cha kudhania tu. Ndipo akamimina.

Kila asubuhi na jioni tulichota maji ya kisanduku kwa kikombe na kuyarudisha kutoka juu, yaanguke na povu, fulu apate pumzi. Tulipokezana, hata baba na mikono yake yenye puti. Na mama akapiga marufuku ugali.

Hilo ndilo lililomgharimu. Huyu ni mwanamke ambaye hakuwahi kumruhusu mtu atoke mlangoni mwake na njaa. Jirani mnene alipokuja na tonge lake, mama alisimama kati yake na kioo.

"Sasa mama, hata samaki unanyima?"

"Hiyo ugali yenu ndiyo imeoza ndani ikamgonjesha. Rudi nayo."

"Haya. Nitaambia watu kwako kuna njaa."

"Waambie."

Jirani aliondoka akicheka, na mama akabaki amekunja kanga yake mkononi, akiona aibu peke yake. Siku ya tatu ya kufunga ule utando mweupe ulianza kumeguka. Siku ya tano mapezi yalifunguka. Siku iliyofuata fulu alishuka chini, akachimba mchanga kwa mdomo, akautema, akachimba tena. Mama alikuwa akikuna nazi. Aliacha mbuzi ya nazi palepale, akaja, akatazama. Alilowesha mkono wake, kwa mazoea tu, ingawa hapakuwa na haja ya kumshika.

Jumapili, wakati wa chakula, nyanya aliketishwa mbele ya kisanduku. Aliinamia kioo mpaka pua ikakigusa. Fulu akaja upande wake na mkia wake mwekundu, akasimama.

"Ni yeye," nyanya alisema. "Lakini mbona amekonda hivi? Hamumlishi?"

Na papo hapo, kwa mkono uliolisha watoto saba, akamega ugali kwenye sahani yake na kuunyanyua juu ya maji. Baba aliacha kutafuna. Nilimtazama mama. Nilijua kwamba maisha yake yote hakuwahi kumwambia nyanya hapana.

"Mama," alisema taratibu, "hapana. Ulikuwa karibu kumkosa kwa hiyo."

Nyanya aligeuka, akamtazama binti yake, kisha akatazama tonge. Akalitia kinywani mwake mwenyewe, akatafuna polepole, macho yakiwa yamerudi kwenye kioo.