Ngolo za Mama

Ngolo alizochimba mama yangu nilizifukia mimi, kwa jembe lake mwenyewe, katika kipindi cha hesabu.

Harufu ndiyo inayonirudisha. Nyasi zilizoanza kuoza chini ya udongo mbichi zina harufu nzito, tamu kidogo, kama togwa iliyokaa siku moja zaidi. Wengine huipenda. Mimi ikinipata, hata sasa nikiwa bibi wa watu, mashavu hupata moto, na hasira ni ileile ya mtoto wa darasa la nne.

Nianze mwanzo. Shule yetu ilikaa kwenye mteremko mkali katika milima ya Mbinga, mahali ambapo ukidondosha boga utalifuata mtoni. Zilikuwa siku za Elimu ya Kujitegemea, kila shule na shamba lake, nasi hatukuona ubaya. Nani kwetu hakulijua jembe? Ubaya ulikuja na mwalimu mkuu. Alikuwa kijana, amehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa tambarare, na alipenda mistari. Nywele alizichana kwa mstari, sisi alitupanga kwa mstari, na shamba alilitaka liwe na matuta yaliyonyooka kutoka juu hadi chini, yapendeze yakitazamwa kutoka ofisini.

Sisi Wamatengo hatulimi hivyo. Mteremko hulimwa ngolo: wanaume hukata nyasi na kuzilaza kwa miraba, kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi. Mlima mzima hubaki na mashimo kama sega la nyuki, na mvua ikija kila shimo hunywa maji yake. Hili kwetu hata mtoto anayeota meno analijua. Tulimweleza. Akasema hayo ni mashimo ya kizamani.

Mvua za Januari zilipita katikati ya matuta yake kama zimechimbiwa mfereji. Udongo wote ukashukia kwenye vichaka vya bondeni. Badala ya kukiri kosa, alituamuru tuurudishe. Kila siku baada ya mapumziko, darasa la nne tulibeba udongo kwa madebe na vikapu kutoka bondeni hadi juu. Usiku ukinyeshewa, unashuka. Kesho yake tunaubeba tena. Saa hiyo ratiba iliyobandikwa ukutani ilisema: Hesabu. Na mwisho wa mwaka ulitungoja mtihani wa darasa la nne, uliochagua nani aendelee la tano na nani arudi nyumbani moja kwa moja. Imelda, jirani yetu niliyekaa naye dawati moja, alikuwa na akili kutushinda sote. Alikuwa ameanza kuulizauliza sehemu, zile za nusu na robo, ni kitu gani, maana kaka yake alimwambia katika hesabu za mtihani hazikosekani.

Mama aliiona shingo yangu ilivyovimba nilipokuwa naoga. Hakuuliza mengi. "Udongo ukishuka haupandi kwa miguu yake," alisema. "Lakini hautapanda kwa shingo ya mwanangu."

Wazazi walifanya walichokijua. Waliitana kwenye kazi ya pamoja, kama walivyoitana kulimiana mashamba yao. Jumamosi moja ya Machi akina baba walikata nyasi shambani kwa shule, wakazilaza zikauke. Mwalimu mkuu alidhani wanasafisha, akawashukuru. Siku nyasi zilipokauka, tukiwa tumesimama mstarini asubuhi, tuliwaona akina mama wakipanda njia na majembe begani, wanaimba. Kufikia saa sita, nusu ya shamba ilikuwa ngolo.

Mama alikwenda mlangoni pa ofisi na matope miguuni. Alisubiri shikamoo ya kijana yule. Haikuja.

"Udongo tumeufunga, mwalimu," alisema. "Hautashuka tena. Sasa watoto wakae darasani, wafundishwe hesabu."

"Mama Skola, siku hizi wewe ndiye mkaguzi?"

"Mkaguzi wa mashimo!" akadakia Bibi Kolumba, aliyekuwa mzee kuliko wote pale. "Kwani baba, huko kwenu milima mliiuza?"

Akina mama walicheka hadi wakaegemea majembe. Nasi madirishani tulicheka, na nadhani kicheko chetu ndicho kilichotuponza.

"Mnapinga Elimu ya Kujitegemea," mwalimu alisema taratibu. "Mnajua maana ya kupinga?"

Kicheko kikakatika. Miaka ile neno hilo lilikuwa na uzito wake.

"Tumelima, baba," mama alisema. "Anayelima anapinga nini?"

Mwalimu aliingia ofisini, akafunga mlango.

Wiki iliyofuata tuliagizwa kuja na majembe. Mama alinipa lake, akidhani tunakwenda kupanda maharage kwenye ngolo. Mwalimu alitutangazia kwamba mkaguzi anakuja, mashimo yasawazishwe, matuta yarudi. Kisha akamwuliza kila mtoto mama yake alichimba wapi, akamsimamisha hapohapo. Imelda alikataa. Alichapwa mbele yetu, akafukia huku analia. Mimi sikukataa. Nilifukia upesi ili nimalize, na niliyemchukia siku ile hakuwa mwalimu. Nilimchukia mama. Alikuja shuleni kufanya nini? Si angekaa tu nyumbani?

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hilo ndilo somo pekee tulilofundishwa mwaka ule, na lilifundishwa kwa makusudi: mzazi akisema, mtoto ataumia, na mtoto akiumia, atamlaumu mzazi.

Mtihani ulikuja. Sehemu zilikuwemo. Hakuna hata mmoja wa darasa letu aliyechaguliwa. Mimi nilipelekwa kwa shangazi Mbamba Bay, nikarudia la nne huko ziwani, na ndiyo maana leo naweza kuwaandikia haya. Imelda hakuwa na shangazi ziwani. Hakuketi tena kwenye dawati lolote.

Wazazi walimwandikia barua afisa elimu, wakiomba darasa zima lirudie mtihani. Mama aliipeleka Mbinga kwa miguu, akaikabidhi mkono kwa mkono. Alirudi huko mara tatu, na mara zote tatu aliambiwa inashughulikiwa. Mwalimu mkuu alihamishwa. Tulisikia amepandishwa cheo. Ile barua haikukataliwa. Ingekataliwa, mama angepata mtu wa kugombana naye. Haikujibiwa tu, na mpaka naandika haya haijajibiwa.