Mchana Ndani ya Tangi la Mvua

Juzi, tulipokuwa tukipima kisima kirefu huko Chilangala, harufu ya udongo mbichi ilinirudisha utotoni, nyumbani Newala. Pampu ya kijiji ilikuwa imekosa dizeli, hivyo mama alinishusha kwa kamba, nikiwa na ndoo, kwenye tangi letu la mvua lililochimbwa uani, nikombe maji ya mwisho. Kamba ikakatika.

Kuta zilikuwa laini, hazishikiki. Nikasikia mvumo, nikaamini maji yanapanda kunizamisha.

“Mama, maji yanakuja!”

“Hakuna maji, mwanangu,” alijibu huku akilia. “Yangekuwepo ningekutuma humo?”

Leo najua maji ya ardhini yalikuwa mbali sana chini yangu, na kilichovuma ni damu yangu masikioni.

Jirani alipoleta ngazi, nilipanda na ndoo yangu yenye maji kidogo. Mama alinivuta kifuani, ndoo ikaanguka, wala hakuitazama.