Jua Lililozama Kusini-Mashariki

Wapo wanaokula kwa jembe na wapo wanaokula kwa maneno. Khuyen alikula kwa mbingu. Miaka kumi na moja alikaa katika chumba kilicho juu ya duka la matairi ya pikipiki, huko Ha Dong, pembeni mwa Hanoi, yeye na wenzake kumi na wawili, kila mtu na kompyuta yake na chupa yake ya chai, wakibadilisha mbingu za watu wasiowajua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Dalali wa Australia au Amerika anataka kuuza nyumba. Anakwenda kuipiga picha, na kwa bahati ya madalali wote duniani, anakwenda siku mbaya kuliko zote: wingu zito, mwanga hafifu, nyumba imenuna. Picha inatumwa Hanoi. Khuyen anaing'oa ile mbingu ya kijivu, anatandika nyingine, anazigusa nyasi kidogo ziote kijani ambacho hazijapata kukiota tangu ziumbwe, na kesho yake mnunuzi anatokwa na mate.

Alikuwa na mbingu mia mbili na sita, naye alizijua kwa namba. Namba kumi na nne ilikuwa bluu tupu yenye mawingu matatu madogo upande wa kulia, mbingu ya heshima, isiyomuudhi mtu. Namba sitini aliwawekea wenye nyumba mbovu, maana ilikuwa nzuri kiasi kwamba mtu hatazami chini. Na namba thelathini na moja ndiyo iliyokuwa malkia: machweo, nyekundu na zambarau, jua limebaki robo. Ukiiweka hiyo unaziwasha na taa za nyumba, asubuhi ya saa nne inageuka jioni ya watu wenye raha zao.

Jua liwekwe upande gani? Popote penye nafasi. Mara moja mteja mmoja wa Australia aliandika kulalamika kwamba machweo yamewekwa upande ambao kwao jua huchomoza. Hiep, mwenye ofisi, alicheka mpaka akakohoa. “Mwambie hilo ni jua la kuagiza,” alisema. “Dada Khuyen, wewe weka tu. Mnunuzi anatazama bwawa la kuogelea.”

Sehemu ya pili ya kazi ilikuwa kufuta. Mapipa ya taka, mipira ya kumwagilia, ndoo, mbwa, magari mabovu, na watu. Watu walikuwa wengi kuliko unavyodhani: mtoto dirishani, bibi kwenye kiti cha uvivu, bwana mwenye nyumba na kaptura yake na kitambi chake. Mkono wa Khuyen uliwafuta wote kabla jicho lake halijawaona. Sekunde nne mtu mmoja. Tano akiwa na kitambi.

Sasa, nyumba aliyokuwa akiishi yeye mwenyewe ilikuwa ya mama mkwe wake, Bi Nhan, mjane wa miaka sabini na mitatu. Nyumba ya zamani, ua wa matofali mekundu, mpera mmoja, jiko ng'ambo ya ua, ili kila chungu cha supu kivushwe kwenye mvua. Mwezi wa pili, unyevu ukipanda, sakafu ilitoka jasho hata mtu akatembea kama amekanyaga sabuni. Khuyen aliichukia. Alitaka fleti. Kulikuwa na moja ghorofa ya kumi na saba, ina lifti, jiko limo ndani, shule ya mwanawe Tep iko chini, na wenyewe walikubali kuwashikia mpaka mwisho wa Agosti. Nyumba isipouzwa kabla ya hapo, fleti inakwenda kwa wengine. Kila siku Khuyen alipovuka ua na sufuria mkononi, aliihesabu Agosti.

Mumewe, Quyet, dereva wa lori la kwenda mpakani, ndiye aliyemweleza mama yake. Bi Nhan alikuwa akimenya karanga. “Uzeni,” alisema, akaendelea kumenya. Wakafurahi, na hakuna aliyemuuliza mara ya pili.

Dalali wao, Loc, alikuwa kijana wa viatu vya kung'aa ambaye ofisi yake ilikuwa kiti cha plastiki kwenye kibanda cha chai. Yeye alitaka picha moja kubwa, iliyopigwa kutoka kizingitini kutazama ua na lango. “Mnunuzi aone atakachokiona kila asubuhi akinywa chai yake,” alisema. Nyumba ilikuwa inatazama kusini-mashariki, na kwa Hanoi hiyo si sifa ndogo. Upepo wa kiangazi unaingia mlangoni, baridi ya kipupwe inabaki mgongoni. Kuna watu wangewatoa mashemeji zao wapate mlango wa kusini-mashariki.

Khuyen aliipiga picha asubuhi moja ya manyunyu, amechelewa kazini, mkate umebanwa kwapani. Bi Nhan alikuwa nje, kando ya ndoo ya bluu, amevaa joho lake la mahameli ya zambarau na shanga shingoni.

“Mama, leo unakwenda kusali pagoda?” Khuyen aliuliza, jicho likiwa kwenye kamera.

“Siendi popote,” alisema Bi Nhan.

“Haya mama, utaloa,” akasema Khuyen, akabonyeza mara tatu, akakimbia.

Mchana, kijiko cha tambi mkono wa kushoto na kipanya cha kompyuta mkono wa kulia, aliisafisha picha ile kama alivyosafisha nyingine elfu arobaini. Jioni akamletea mama mkwe kompyuta mezani. Hakulazimika. Aliona ni adabu.

“Mama, nyumba ni yako, basi mbingu uchague wewe.”

Bi Nhan alivaa miwani. Aliitazama picha muda mrefu, wali ukapoa.

“Huu ndio ua wangu?”

“Ndio wenyewe mama. Msafi, eh?”

“Msafi sana,” alisema Bi Nhan. “Hamna hata mtu.”

Khuyen akaona amesifiwa. Akamwonyesha mbingu moja baada ya nyingine, na bibi akazipitisha kama mtu anayechagua samaki sokoni, hii imelala, hii ina macho mabaya, mpaka wakafika thelathini na moja. Akaweka kidole juu ya kioo. “Hii. Jua likae pale, juu ya lango. Na taa uziwashe.”

“Mama una jicho wewe!” alisema Khuyen. “Ungekuja ofisini tukuajiri.”

Loc akaibandika picha mtandaoni, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa KUSINI-MASHARIKI. Wakakaa kungoja simu.

Machi hakuja mtu. Aprili hakuja mtu. Mei akaja jamaa aliyepotea njia. Loc alisema ni nuksi, akamwambia Khuyen ahamishe mtungi wa maji na atoe kuku mzima madhabahuni kwa marehemu wazee wa ukoo. Khuyen, ambaye hakuamini nuksi wala Loc, alihamisha mtungi na kutoa kuku. Wazee wa ukoo walipomaliza kunusa, Bi Nhan alikula paja. Alikuwa mpole miezi hiyo, mpole wa kutia shaka kwa mtu mwenye akili iliyotulia. “Pole, Mama Tep,” alisema akimmiminia chai. “Wanunuzi wa siku hizi hawana macho.” Khuyen alikonda. Aliota lifti. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini wahenga hawakuwahi kushikiwa fleti.

Wiki ya tatu ya Agosti akaja Mzee Thach, mwalimu mstaafu wa fizikia, amebeba mkebe wa biskuti kwapani. Loc alimpokea kama mfalme. Khuyen aliomba ruhusa kazini, akavaa vizuri, akafagia ua mara mbili.

Mzee akasimama kizingitini. “Inatazama wapi?”

“Kusini-mashariki, mzee wangu!” alisema Loc. “Upepo wa—”

“Kusini-mashariki ya nani? Mimi nimekuja kwa ajili ya magharibi.”

Loc akamtazama Khuyen. Hakuna mtu Hanoi anayekuja kwa ajili ya magharibi. Jua la alasiri likikuingilia mlangoni mwezi wa sita, unaiva na godoro lako.

“Mtabiri amesema mimi, kwa mwaka niliozaliwa, nilale nyumba ya magharibi,” Mzee Thach alieleza, bila haya hata kidogo. Akatoa simu, akaifungua ile picha. “Tazama. Jua linazama langoni. Taa zimewashwa. Hiyo ni jioni, au kwenu taa huwashwa asubuhi?”

“Mzee, hayo ni mapambo tu.”

Mzee akaushusha mkebe kutoka kwapani. Akafungua mkebe, ndani mna dira iliyofungwa kitambaa. Akaiweka juu ya matofali, akapiga goti, akangoja mshale utulie.

“Kijana, nimefundisha sumaku miaka thelathini na minane. Sijapata kuona jua likizama kusini-mashariki. Nani amelizamisha?”

Khuyen akainua mkono, kama mwanafunzi.

“Ni wewe? Basi hongera. Mtaa wetu mzima umeiona picha hii. Wote wanasema: wale watu waongo, wameandika kusini-mashariki na jua linawachoma mlangoni. Mimi nikasema, heri yangu, picha haidanganyi, maandishi ndiyo yanayodanganya.” Akaifunga dira yake kwa uchungu wa kweli. “Mmenipotezea mafuta ya pikipiki.”

Hapo kikasikika kicheko kutoka jikoni. Bi Nhan alikuwa amesimama mlangoni na birika, anacheka hadi chai inamwagika miguuni, na hakujisumbua kuificha sura yake. Khuyen akamtazama, na miezi sita yote ikampitia kichwani kwa mara moja.

Alingoja mzee na Loc waondoke.

“Mama. Ulijua.”

“Nijue nini? Mimi mwanamke wa kupepeta mchele.”

“Ulijua jua likikaa pale nyumba itaonekana ya magharibi!”

“Miaka hamsini na mmoja naanika nguo kwenye ua huu. Nisijue jua linapita wapi?” Bi Nhan akaliweka birika chini. “Wewe ndiye fundi wa mbingu. Ungeinua kichwa mara moja ukaitazama ya kwako.”

“Kama hukutaka kuuza, si ungesema? Nimetoa kuku, mama! Nimebeba mtungi!”

“Nani kakwambia sikutaka? Nilisema uzeni. Magoti yangu haya yanaitaka hiyo lifti kuliko yako.” Hapo sauti ikashuka. “Siku ile ya picha nilitoa mahameli yangu sandukuni. Nikachana nywele. Nikasimama langoni kwenye manyunyu, niiage nyumba yangu, nitokee na mimi kwenye picha yake ya mwisho. Jioni unaniletea ua mtupu. Ndoo ya bluu haipo, mimi sipo. Umetufuta pamoja. Nikasema, haya. Kama mwenye nyumba hayumo, na mnunuzi naye asiwemo.”

Khuyen akaingia ndani kuifuata kompyuta.

Nitasema mapema usije ukasumbuka: nyumba iliuzwa, lakini mwezi wa kumi. Fleti ya ghorofa ya kumi na saba ilikuwa imeshakwenda, wakapata ya ghorofa ya tisa, na lifti yake hukwama kila Jumanne. Hiyo lakini si habari.

Khuyen aliileta kompyuta mezani, palepale uani, mchana kweupe. Akaitafuta picha ya asili, ile aliyoipiga na mkate kwapani, ambayo kwa kweli hakuwa ameitazama hata siku moja. Ikafunguka. Mbingu ya kijivu. Manyunyu. Na langoni, mwanamke mdogo wa mahameli ya zambarau, mikono imeshikana mbele, kidevu juu, anaitazama kamera moja kwa moja kama anavyotazamwa mtu wa ofisi ya pasipoti. Hatua moja kutoka kwake, ndoo. Khuyen aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Sekunde nne, alijua. Huenda zilikuwa tatu, maana Bi Nhan hana kitambi.

“Nisamehe, mama.”

Bi Nhan alivaa miwani, akainama. Alijitazama shanga, alijitazama nywele. Uso ukalainika, kisha ukakunjamana tena.

“Na hii mbingu gani? Kama maji ya kuoshea mchele.”

“Ndiyo ya siku ile, mama. Ya kweli.”

“Nimevaa mahameli nisimame chini ya hii? Nitafutie nzuri. Ile nyekundu hapana.”

Khuyen akacheka huku machozi yanamtoka, akampa namba kumi na nne. Bluu ikatandazwa juu ya lango, mawingu matatu madogo upande wa kulia. Bi Nhan akatikisa kichwa kukubali.

“Sasa na ndoo itoe. Ndoo si mtu.”

Upindo wa joho ulikuwa umeigusa ndoo. Khuyen akaikuza picha mpaka miguu ya mama mkwe wake ikajaa kioo chote, akaanza kuifuta ndoo kidogokidogo, akizunguka mahameli uzi kwa uzi. Ilimchukua nusu saa, na Bi Nhan alikaa ubavuni pake muda wote, akilinda miguu yake.